Hoteli ya Relwe Tabora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara: ya wanafunzi wenye kazi ya historia, ya wageni walioshuka kwenye treni na mabegi yao, na ya wenyeji wa Tabora waishio mbali wanaotaka kumaliza ubishi wa kijiweni. Ya msingi yametangulia, ya ajabuajabu yako chini. Jibu likishatolewa mahali pamoja halirudiwi. Utaelekezwa lilipo.

## Jengo na asili yake

Hoteli yenyewe ni ipi, na iko wapi?

Ni Orion Tabora Hotel, jirani na stesheni ya reli mjini Tabora. Watu wazima wa mji huu wengi bado wanaiita Railway Hotel, au "relwe" tu. Ukimwambia bodaboda jina lolote kati ya hayo atakufikisha. Ukitoka stesheni na mzigo mwepesi, huna haja ya bodaboda.

Ni kweli ilianza kama nyumba ya mtu?

Ndivyo inavyosimuliwa. Hadithi inayorudiwa na wenyeji, na kuandikwa katika vitabu vya wasafiri, ni kwamba baroni mmoja wa Kijerumani aliijenga mwaka 1914 iwe nyumba ya kufikia anapokuja kuwinda, na kwamba hoteli ilikuja baadaye.

Hadithi hiyo ina mwaka na ina cheo, lakini mwenye nyumba hatajwi jina. Kwa hiyo mimi huipokea kama masimulizi ya mji: ina mantiki, inapendeza, ila haitoshi kumwambia mwanafunzi aiandike kwenye mtihani kama jambo lililothibitishwa. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni sababu ya nyumba ya namna hiyo kusimama Tabora, na sababu ya kugeuka hoteli. Zote mbili zinaanzia kwenye reli, na ndiyo maana majibu mengi hapa yatakurudisha stesheni hata kama uliuliza habari za baroni.

Kwa nini mtu ajenge nyumba ya kuwindia Tabora badala ya pwani?

Kabla ya reli, Tabora ilifikiwa kwa miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyamwezi baada ya miezi, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Mwingereza Richard Burton alitoka pwani Juni 1857 akafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Mtu wa kuja kuwinda kwa kujifurahisha hakuwa na nafasi katika safari ya aina hiyo. Aliyekuja, alikuja kwa pembe za ndovu, kwa utumwa, kwa dini au kwa kutafuta chanzo cha mto Nile.

Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Ghafla, mji wa ndani kabisa ya bara, uliozungukwa na misitu ya miombo yenye wanyama wakubwa, ukafikika kwa kukaa kwenye kiti. Mwenye pesa aliweza kupanda Dar es Salaam na bunduki zake, mpishi wake na masanduku yake, akashuka Tabora bila kupiga hatua. Kwa hiyo mwaka 1914 unaotajwa kwenye masimulizi unaingia akilini: ni miaka miwili tu tangu reli ifike.

Upande wa pili wa habari hii husahauliwa. Tangu mwaka 1896, chini ya gavana Hermann von Wissmann, serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanza kuweka sheria za uwindaji, zenye vibali vya kulipia na maeneo yaliyofungwa. Mnyamwezi ambaye babu yake aliwinda tembo katika misitu hiyohiyo alijikuta anahitaji karatasi, wakati mgeni mwenye fedha alinunua kibali na kuajiri watu wa kumwonyesha njia. Nyumba ya kuwindia, ya nani iwe ya nani, ilisimama juu ya utaratibu huo.

Huyo baroni si yule gavana Rechenberg?

Swali zuri, maana Rechenberg alikuwa baroni kweli. Albrecht von Rechenberg alikuwa gavana wa koloni kuanzia mwaka 1906 hadi 1912, na ni mmoja wa waliosukuma sana reli ifike Tabora. Aliamini kwamba uchumi wa koloni ungeinuliwa na kilimo na biashara ya Waafrika wenyewe wakiwa na njia ya kusafirisha mazao, jambo lililomletea uadui na walowezi. Lakini aliacha ugavana mwaka 1912 na nafasi yake ikachukuliwa na Heinrich Schnee, kwa hiyo kumpa nyumba ya mwaka 1914 ni kulazimisha. Kama lazima baroni mmoja atajwe katika historia ya mtaa wa stesheni, basi atajwe huyu, kwa ajili ya reli.

Iligeukaje kuwa hoteli?

Tazama ramani ya reli, jibu utaliona. Reli ya kutoka Dar es Salaam inafika Tabora baada ya takribani kilomita 840. Hapo ndipo panapogawanyika. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, enzi za Waingereza. Njia ya Kigoma inaendelea magharibi, na kutoka Kaliua likachomoza tawi la Mpanda, lililofunguliwa mwaka 1950. Treni ikifika Tabora, mabehewa yanakatwa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, yale ya Mpanda. Abiria wanabadilisha, wanasubiri, wanachelewa. Aliyewahi kusubiri kuunganisha Tabora usiku wa manane anajua kwamba kusubiri huko kunaweza kuwa kwa saa chache au hadi kesho yake.

Mji wa namna hiyo unahitaji kitanda karibu na stesheni, na reli yenyewe ndiyo yenye sababu kubwa ya kukitoa. Haikuwa Tabora peke yake. Dodoma nayo ilikuwa na hoteli yake ya reli, na ndiyo jengo ambalo miaka mingi baadaye lilijulikana kama New Dodoma Hotel. Nyumba kubwa yenye vyumba, jiko na bustani, iliyo hatua chache kutoka stesheni, kugeuzwa hoteli ya reli halikuwa jambo la ajabu. Ajabu ingekuwa kuiacha.

Reli iliyokuwa na hoteli ni ipi? Majina ni mengi.

Majina ni mengi kwa sababu wenye reli wamebadilika mara nyingi kuliko mataruma. Baada ya Wajerumani ikawa reli ya Tanganyika chini ya Waingereza. Mwaka 1948 iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda ikawa East African Railways and Harbours. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake, TRC. Mwaka 2007 likaja lile jaribio la ubia na kampuni ya RITES ya India chini ya jina la TRL, nalo halikudumu. Sheria ya mwaka 2017 ikalirudisha jina la TRC. Mzee anayesema "nilifanya kazi relwe" anaweza kuwa anazungumzia mojawapo ya haya, au matatu kwa mpigo bila kuhama dawati.

## Wakati wa vita

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika mtaa huu?

Ilifika, tena kwa kishindo. Vita ilianza Agosti 1914. Dar es Salaam ilipokuwa hatarini kutokea baharini, makao ya serikali ya Kijerumani yalihamia bara, na Tabora ikawa ndiyo makao makuu ya koloni. Raia wa nchi adui, wakiwamo wamisionari wa Kiingereza, walishikiliwa hapa. Kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya mji, zikapigwa sarafu za dhahabu (tazama sehemu ya dhahabu hapa chini).

Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalipigana na Wajerumani kuzunguka mji kwa siku kadhaa, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Askari wa pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika, na wapagazi wao pia. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliukabidhi mji kwa Waingereza, ingawa Kigoma na Ujiji walikaa nazo hadi mwaka 1921.

Maana yake kwa nyumba yetu ni rahisi: kama kweli ilimalizika mwaka 1914, mwenyewe hakupata hata miaka mitatu ya kuifaidi.

## Yanayochanganywa

Kaiser alilala hapa?

Hapana. Kaiser Wilhelm II hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina la Kaiser limeng'ang'ania majengo kadhaa ya Kijerumani ya ukanda huu, hoteli hii na Kigoma zikiwamo, na hadithi ni ileile: "ilijengwa kwa ajili yake, akashindwa kuja." Ni hadithi tamu kwa sababu haiwezi kukanushwa na mgeni ambaye hakufika.

Livingstone je? Si ndiyo nyumba yake?

Nyumba inayohusishwa na Livingstone ni tembe la Kwihara, kusini mwa mji, ambalo leo ni makumbusho. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika hapo kutoka Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi na vifaa hadi Agosti. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wake ulibebwa na watu wake, Chuma na Susi wakiongoza, ukapita Kwihara kuelekea pwani.

Ni majengo ya dunia mbili. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, imezunguka ua wa ndani, imegeuzia msafara na jua mgongo. Nyumba ya stesheni ina baraza inayotazama nje, kwenye bustani. Kama una siku moja Tabora na unataka kuelewa kilichoubadilisha mji, anza Kwihara asubuhi, jioni kaa kwenye baraza ya hoteli. Baina ya kuondoka kwa Livingstone na mwaka 1914 ni miaka 42 tu.

Na Boma la Wajerumani ni jengo hilohilo?

Hapana, Boma ni ngome na liko kwake. Ni la enzi ya kuutiisha mji, baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kushindwa Januari 1893 na, kama inavyokumbukwa Unyamwezi, kuiwasha baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa.

Nyerere aliishi hapo?

Mwalimu Nyerere alisoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's, hapahapa Tabora. Mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa uamuzi wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), nao ulifanyika mji huu. Hayo yanatosha kuipa Tabora heshima yake bila kuiongezea hoteli kitanda cha Mwalimu.

Waafrika waliruhusiwa kulala hapo enzi za mkoloni?

Treni za wakati huo zilikuwa na madaraja matatu, na kwa vitendo yalikwenda kwa rangi: la kwanza Wazungu, la pili Waasia, la tatu Waafrika. Hoteli za reli zilikuwa mwendelezo wa behewa la daraja la kwanza. Hata pasipo kibao mlangoni, bei na macho ya watu vilitosha kukueleza.

Lakini tusiseme kwamba Waafrika hawakuwamo. Walikuwamo kila siku, ila kwa mlango wa jikoni: wapishi, madobi, wahudumu wa meza, watunza bustani, wabeba mizigo wa stesheni. Hoteli ya reli haiendi bila watu hao hata siku moja. Inashangaza kwamba mji unamkumbuka baroni asiye na jina, na waliowasha majiko kwa miaka hamsini hawaulizwi. Ukitaka historia ya hoteli hii, waulize watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa relwe. Wengi wapo.

## Dhahabu, rupia na zebaki

Ni kweli Wajerumani walifukia dhahabu chini ya jengo?

Swali hili linaongoza kwa idadi, na huulizwa kwa sauti ya chini. Tuanze na ukweli ulioizaa hadithi, kwa sababu upo.

Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa na fedha zimekwisha. Kwenye karakana ya reli Lulanguru, mafundi wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tembo amesimama, nyuma yake mlima. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaijua kama sarafu ya Tabora, na huuzwa kwa bei kubwa. Kwa hiyo dhahabu ya Wajerumani Tabora si ndoto: ilikuwapo, ilikuwa sarafu, na watu walilipwa nayo.

Kutoka hapo kufika kwenye sanduku lililofukiwa chini ya sakafu ya hoteli ni mruko mkubwa. Sarafu zile zilipigwa ili zitumike, serikali iwe na cha kulipia wakati wa dhiki. Nyingi zilisambaa mifukoni mwa watu, na ndiyo maana leo ziko kwenye minada ya Ulaya. Tena mtu anayeukimbia mji unaovamiwa, akiwa na treni na wapagazi, anabeba dhahabu. Anachoacha ni makabati.

Kuna mtu ana ramani ya Mjerumani, anataka mtaji wa kuchimba. Nimpe?

Usimpe. Mchezo huu unajulikana nchi nzima, palipo na boma, daraja au kaburi la Mjerumani. Kuna ramani iliyochakaa, kuna mzee aliyekuwa boi wa Mjerumani, kuna "zebaki nyekundu" ambayo mnunuzi wake yuko Dar anasubiri, na kuna pesa kidogo inayohitajika ya kafara au ya mashine. Zebaki nyekundu yenye thamani ya mabilioni haipo. Ramani zinapatikana kwa sababu wapo wa kuzinunua.

Na hata kama ungekuwa na uhakika, kuchimbua vitu vya kale bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale ni kosa. Aliyevunja sakafu ya jengo la watu ana makosa mawili.

Kuna mizimu?

Jengo la zamani lenye dari ya juu na mbao kavu hulia usiku, joto linaposhuka. Halafu kuna treni. Aliyelala mita chache kutoka reli akaamshwa na mabehewa yanayogongana saa tisa za usiku ana haki ya kufikiria lolote.

## Uhifadhi

Jengo limelindwa na sheria?

Wengi hudhani kila jengo la Mjerumani linalindwa moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo, ikiwamo karibu kila kitu walichojenga Wajerumani, yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yapate ulinzi huo.

Kwa hiyo kinachoyaweka hai majengo mengi ya stesheni za Reli ya Kati ni matumizi. Jengo linalolaza wageni linazibwa paa linapovuja. Mimi naona kuwa hoteli ndiyo bahati kubwa iliyoipata nyumba hii, kuliko ingebaki nyumba ya kuwindia ya mtu aliyekwenda zake Ulaya. Wapo wanaonung'unika kwamba ukarabati huondoa uzee wa jengo. Ni kweli kiasi, lakini mvua za Tabora zinauondoa haraka zaidi.

## Kutembelea

Lazima nilale ndipo nione?

Si lazima. Ni hoteli, siyo makumbusho, hakuna kiingilio wala mwongozaji. Ingia, salimia mapokezi, agiza chai au soda, kaa barazani. Ukitaka kuzunguka au kuona vyumba, omba. Adabu hufungua milango. Kumwamkia mzee kwa "mwangaluka" asubuhi hakujamharibia mtu siku.

Naweza kupiga picha?

Hotelini omba ruhusa, hasa kama kuna wageni wengine. Stesheni omba zaidi: miundombinu ya reli ina walinzi wake, na kueleza baadaye ni kugumu kuliko kuomba mapema.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, itaiathirije?

Mikataba ya kuifikisha reli mpya Tabora kutokea Makutupora, kilomita 368, na kuiendeleza hadi Kigoma, kilomita 506, ilikwisha kusainiwa, na treni za umeme zimekuwa zikifika Dodoma tangu mwaka 2024. Tabora inabaki njia panda, maana kuna kipande cha Isaka pia. Kitakachobadilika ni kusubiri. Hoteli hii iliishi kwa abiria waliokwama usiku. Treni ya saa chache haikwamishi watu kwa namna ile. Hapo itabidi wageni waje kwa hiari, na historia ya jengo itakuwa na kazi ya kufanya ambayo ratiba ya treni iliifanya bure kwa miaka mingi.

Babu yangu alikuwa mpishi wa relwe. Nina picha na barua zake. Nifanye nini?

Kwanza usizitie kwenye plastiki ya moto pale stationery; zikishashikwa na gundi hazitoki. Pili, kabla mama au shangazi hajasahau, andika nyuma ya kila picha kwa penseli laini: nani, wapi, takribani mwaka gani, na nani aliyekueleza. Tatu, zipige picha kwa simu mchana, kivulini, bila mwanga wa kamera, na nakala ziwe kwa ndugu zaidi ya mmoja. Nyaraka halisi, kama barua za ajira, kitambulisho cha kazi au kitabu cha mshahara, unaweza kuulizia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa namna ya kuzikabidhi au kuwaachia nakala. Ukiona jina la bosi limeandikwa juu ya karatasi, usilikate ili picha ipendeze kwenye fremu.